Nyumbu Waliokatwa Sauti

Kurasa mbili za daftari langu la Form Two zilikuwa zimegandana. Nilizigandisha mwenyewe, kwa gundi ya kazi za mikono, Jumapili moja ya muhula wa pili, na kwa miaka mitatu sikuzigusa tena. Juzi niliporudi kutoka Olenguruone kumzika Gogo Rael, nikiwa bado na tope la Mau kwenye viatu, nilichemsha maji nikazishikilia juu ya mvuke wa sufuria mpaka zikaachana zenyewe. Mwandiko wangu wa wakati ule ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayeogopa kumaliza karatasi ya wenyewe. Ukurasa wa kushoto ulikuwa mtupu. Wa kulia ulikuwa na mstari mmoja: Leo nimedanganya Gogo na amefurahi sana. Nilikaa pale jikoni nikiusoma hadi maji yakakauka, na Mama akanipigia kelele kuhusu gesi. Nilidhani nitaona aibu. Lakini nilichosikia ni kama vile mtu anavyosikia akipita karibu na nyumba aliyoishi zamani, akaona taa bado inawaka.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tano, na kuongea mbele ya watu kulinitoa jasho la viganja. Darasani nikiulizwa swali ambalo nalijua jibu, nilisema sijui ili nikae haraka. Walimu wengi walikubali hilo jibu wakaenda kwa mwingine. Madam Achieng' wa historia hakukubali. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja, na alikuwa amechoka kutufundisha vita vya dunia kwa ramani iliyochanika katikati na kupoteza nusu ya Italia. Basi la shule lilikuwa juu ya mawe tangu niingie Form One, kwa hivyo akasema tutasafiri tukiwa tumekaa. Kila Ijumaa, baada ya githeri ya mchana, klabu ya historia ilikutana kwenye chumba cha kompyuta, ambacho zamani kilikuwa stoo ya maabara na bado kilinuka kama kiberiti. Tulifunga madirisha kwa blanketi kuukuu za bweni, Madam akawasha projekta, na ukuta wenye nyufa ukageuka kuwa makumbusho ya jeshi: moja ya Uingereza wiki hii, nyingine ya Ufaransa wiki ijayo, vyumba virefu vyenye sare zilizovalishwa sanamu, mizinga, barua za wanajeshi kwa mama zao.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia makumbusho kwa njia hiyo, ni hivi. Watu walipita na kamera wakapiga kila chumba pande zote, picha zikaunganishwa, na wewe ukibonyeza mshale ulio sakafuni unasonga hatua moja. Unaweza kugeuza kichwa, kuangalia dari, kurudi mlangoni. Kitu kimoja tu huwezi: huwezi kusimama mahali ambapo kamera haikusimama. Kama mwenye kamera aliona kabati fulani halina maana akapita mbali nalo, basi na wewe utaliangalia kwa mbali maisha yako yote. Madam alinipa mausi ya kompyuta niwe wa kuendesha, nadhani kwa sababu aliona dereva haongei. Wenzangu wakaniita Dere, na kila Ijumaa chumba kizima kilinipa amri.

"Dere, kata kushoto!"

"Shukisha hapo kwa kifaru!"

"Kifaru gani, si ya kwetu iko park inakula nyasi?"

"Huyu ni wa chuma," Madam alisema gizani, "na mtu akitoa mlio wa bunduki tena atamalizia vita huko nje."

Nilipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha shule. Nilikuwa mbele ya watu na hakuna aliyeniangalia. Lakini dereva alipaswa kupima njia kabla ya Ijumaa, maana kuna vyumba ambavyo ukiingia vibaya unazunguka nguzo ileile mara nne na abiria wanaanza kuomba kushuka. Nyumbani kwetu hakukuwa na wifi. Mama Chela, jirani yetu, alikuwa nayo, pamoja na runinga kubwa inayoshikana na simu, na alikuwa ameniambia nije Jumapili yoyote baada ya kanisa. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba tulijua wamepika nini na wao walijua nani kwetu amenuna. Naikumbuka sebule yake kuliko chumba changu mwenyewe: makochi yaliyovalishwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kalenda ya duka la dawa za mifugo, na Chela, mtoto wake wa miaka sita, akiishi chini ya meza na kikombe cha chai ya maziwa. Na kwenye kona karibu na dirisha, kila mwezi kwa wiki moja au mbili, mama yake Mama Chela, ambaye sote tulimwita Gogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Alishuka Nakuru kutoka Olenguruone, juu mlimani Mau, kwa ajili ya kliniki ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. La pili, daktari alisema ni presha ya macho, liliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na hilo tundu lilikuwa likipungua.

Jumapili hiyo Gogo alikuwa anamenya minji kwenye sinia. Mimi nilikuwa nimeingia chumba cha vita vya Burma, na nikasoma jina la chumba kwa sauti ya chini, ndivyo ninavyosoma mpaka leo. Vidole vyake vikasimama.

"Umesema Bama?"

"Ndiyo, Gogo. Burma."

"Huko ndiko baba yangu alienda. Walimpeleka Gilgil kwanza, halafu wakampandisha meli." Aliweka sinia chini, akaburuta stuli mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha runinga. "Kuna nyumbu huko ndani?"

Mama Chela akacheka kutoka jikoni. "Mama, achana na mambo ya nyumbu. Mtoto anafanya kazi ya shule."

"Nimeuliza huyu. Wewe songa ugali."

Akanisimulia akiwa ameipa runinga uso na mimi mgongo. Baba yake hakupewa bunduki ya maana huko Burma. Alipewa kamba na nyumbu wa kubeba mizigo, yule mtoto wa punda na farasi, akatembea naye msituni miezi mingi kwenye mvua. Na wale nyumbu, alisema aliporudi, hawakuwa na sauti. Wazungu walikuwa wamewakata kooni ili wasilie adui akawasikia. Mnyama alinyoosha shingo, akafungua mdomo kama anayelia kabisa, na ikatoka pumzi tu. Kule kwao watu walikuwa wameamini meli, wameamini ndege, wameamini hata mtu mwenye macho membamba anayeishi ndani ya ardhi na bunduki. Nyumbu waliokatwa sauti waliwashinda. Wakamwita Mzee Nyumbu mpaka alipokufa. Boma lake likawa kwa Nyumbu, wajukuu wake wakaitwa watoto wa Nyumbu shuleni, na kwenye ule mlima wao mtu akisimulia kitu kisichoaminika waliambizana, hiyo ni nyumbu, wakacheka, mazungumzo yakaendelea.

"Kwa hivyo angalia," Gogo aliniambia. "Wewe una macho. Angalia kama yuko."

Nikabonyeza mshale, nikageuka, na alikuwepo. Mwishoni mwa chumba, nyuma ya kioo, kulikuwa na sanamu ya nyumbu mzima mzima, masanduku ubavuni, mikanda tumboni, na askari wa plastiki ameshika kamba. Miguuni pake kulikuwa na kibao cheupe cha maelezo chenye mistari sita au saba. Kamera ilikuwa imesimama mbali. Nilivuta picha karibu, herufi zikavimba zikawa kama siafu walionyeshewa. Nikavuta tena, zikawa vumbi. Gogo alikuwa ameliona umbo la mnyama kwa jicho lake moja na ameshika ukingo wa meza ya runinga kwa mikono miwili.

"Wameandika nini hapo chini? Wameandika walikatwa sauti?"

Mimi, ambaye kila siku nilisema sijui kwa vitu ninavyovijua, siku hiyo ambayo kweli sikujua nilisema, "Ndiyo, Gogo. Wameandika."

Alipiga kofi moja. Akasema maneno mengi ya Kikipsigis ambayo hata Mama Chela alitoka jikoni kuyasikiliza, mwiko mkononi. Kisha akaniambia nifungue viganja, akanitemea mate kidogo, mara mbili, vile wazee wa kwao wanavyobariki. "Lakwet," alisema, yaani mtoto, "baba yangu amekusikia." Tulikula ugali na mboga ya isagek iliyopikwa kwa maziwa, na Gogo akanimiminia mursik kwenye kikombe kikubwa kutoka kwenye kibuyu alichotoka nacho nyumbani. Sikuwa nimezoea yale maziwa ya mkaa. Nilikunywa yote, nikaongezwa, nikanywa tena. Nilipofika kwetu niliandika ule mstari, nikatafuta gundi.

Ningependa kusema kwamba nilikiri wiki iliyofuata. Gogo alirudi Olenguruone na nikafikiri mambo yameisha huko. Alipokuja tena mwezi uliofuata nilimsikia kupitia ukuta kabla sijamwona, anamweleza binti yake kwa furaha habari ambayo ilinifanya niache kijiko ndani ya uji. Alikuwa ametangazia mlima mzima kwamba habari ya nyumbu imeandikwa Uingereza, na kwamba msichana wa Form Two, jirani wa Nakuru, ameisoma kwa macho yake. Wengine walishangaa. Binamu yake, Mwalimu Langat, hedimasta mstaafu ambaye neno lake huko lilikuwa kama muhuri, alikuwa amejibu kwa adabu sana. Desemba familia ingekutana kujengea kaburi la mzee kwa simiti. Basi dada Rael amlete huyo msomi, asimame mbele ya watu, asome.

"Nimemwambia nitakuleta," Gogo aliniambia siku hiyo, akinishika mkono. "Na mimi nitavaa viatu vyangu vya harusi ya Mama Chela."

Nafikiria sasa jinsi muhula wa tatu ulivyokuwa mrefu. Niliingia kwenye kile chumba cha Burma mara nyingi kuliko nilivyoingia darasani. Nilijaribu kila mshale. Nilikuwa najua idadi ya vigae kati ya mlango na yule nyumbu. Nilijaribu kusoma kibao kupitia taswira yake kwenye kioo cha kabati la mbele, nikiamini, kama watu waliobanwa wanavyoamini, kwamba herufi zilizogeuka zitanionea huruma. Nilienda makumbusho nyingine za mtandaoni, nikakuta farasi, ngamia, njiwa wa barua aliyekaushwa akiwa na medali yake. Nyumbu, hapana. Na kila Gogo alipokuwa Nakuru, alinikaribisha kama mtu wa nyumbani kwao, akaniwekea nyama ya shingoni, akaniuliza kama najifunza kusoma kwa sauti kubwa kwa sababu kule upepo ni mwingi. Ninachojua sasa, na sikujua wakati ule, ni kwamba hofu yangu haikuwa ya kuaibika mimi. Wangeuliza, na Mwalimu Langat na miwani yake angegundua kwamba sikusoma chochote. Binti wa Mzee Nyumbu angekuwa na uongo wake mwenyewe, na mimi ndiye ningekuwa nimempa.

Madam Achieng' ndiye aliyegundua kwanza. Ijumaa moja, wengine wametoka, alinikuta nimerudi chumbani nikiangalia nyumbu ukutani.

"Dere, gari imeisha mafuta?"

Nikaanza kulia kabla sijaanza kueleza. Aliketi juu ya meza, miguu ikining'inia, akasikiliza yote. Nilingoja aseme nimekosea. Akasema, "Hiyo makumbusho ina watu, Wambui. Kuna mtu huko ambaye kazi yake ni kufuta vumbi kwa huyo nyumbu. Waandikie." Halafu, tukiwa mlangoni, akaongeza, "Lakini jibu lao ni lao. La Gogo ni lako, na halingoji barua pepe."

Tuliandika ile barua pamoja, kwa Kiingereza, mimi nikaifupisha mara tatu kwa woga. Niliuliza kibao kimeandikwa nini, na kama ni kweli nyumbu wa Burma walikatwa sauti. Siku nne zikapita bila jibu. Siku ya tano, Alhamisi, Mama Chela aliniomba nimtilie Gogo dawa ya macho kwa sababu yeye alikuwa anachelewa kazini. Gogo alilala kwenye kochi, kichwa juu ya mto, nikatia tone moja kila jicho, na akafumba macho kama anavyoambiwa, dakika tano bila kufungua. Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu. Ni rahisi zaidi kumwambia ukweli mtu asiyekuangalia.

"Gogo, kile kibao sikukisoma. Hakisomeki. Nilisema tu."

Dawa ilikuwa imemtiririka kwenye mashavu, kwa hivyo sikujua ipi ni dawa na yapi ni machozi.

"Baba yangu alisema kweli akaitwa mwongo," alisema hatimaye, macho bado yamefumbwa. "Wewe umesema uongo ukaitwa msomi."

Nilifunga kichupa cha dawa, nikakaa sakafuni karibu naye.

"Nikuambie kitu. Nilikuwa na miaka kama ya Chela. Baba alikuwa anatuonyesha, jioni tukingoja chakula. Ananyoosha shingo, anafungua mdomo, hatoi kitu. Watu wazima walicheka na yeye akaendelea tu, hakujali. Halafu siku moja mimi nikacheka. Aliniangalia. Hakuonyesha tena." Alijipangusa kwa kona ya leso. "Sitafuti nyumbu kwa sababu ya Langat."

Nilimwambia achukue baraka yake, kwa sababu ilinikaa viganjani kama kitu cha wizi. Hapo ndipo alipofungua lile jicho, akanitafuta, akanipata.

"Mate nikishatema nitayarudisha mdomoni? Yako hapo. Sasa utayafanyia kazi." Akalala tena. "Nenda nyumbani kwenu kwanza. Nimekasirika."

Alikasirika siku kumi na moja. Niliandika kila moja. Kupitia ukuta nilimsikia akiongea na Chela, akikohoa, akiuliza bei ya viazi vya Mau Narok, na jina langu halikutajwa. Siku ya kumi na mbili jibu lilikuja kwenye barua pepe ya Madam, akaniita ofisini, akalichapa kwenye karatasi, nikalisoma nimesimama. Mama mmoja wa huko makumbusho alikuwa ameandika kama mtu aliyefurahi kuulizwa. Kile kibao, alisema, kinaeleza mikanda na uzito wa masanduku. Hakitaji sauti mahali popote. Lakini ndiyo, ni kweli. Nyumbu wengi waliopelekwa kwenye misitu ya Burma walipasuliwa na madaktari wa mifugo, wakaondolewa sauti, ili wasisikike. Alikuwa ameambatisha picha ya ukurasa wa ripoti ya daktari mmoja wa jeshi, iliyopigwa chapa, inayoeleza hatua kwa hatua jinsi walivyofanya.

Nilikimbia kutoka kituoni mpaka kwa Mama Chela bila kubadilisha sare. Gogo alinisikiliza akiwa amekaa wima. Nilimsomea mara mbili, nikatafsiri polepole, na nilipofika kwa daktari wa mifugo alinyoosha mkono nikampa karatasi, akaipapasa kama mtu anayepima kitambaa. Hakupiga kofi safari hii.

"Desemba utaenda," alisema. "Utaanza na uongo wako. Halafu barua."

"Gogo, si barua inatosha? Hakuna haja wajue..."

"Ukianza na barua watasema huyu mtoto ni mwerevu. Hawa watu wamesikia werevu wengi. Anza na uongo wako."

Olenguruone mwezi wa Desemba ni baridi ya ukungu asubuhi na jua la kuchoma saa sita. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, sufuria za chai ambazo mtu mmoja hawezi kuinua, nyama ikikaangwa nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa simiti na bado lilikuwa na unyevu. Gogo alivaa vile viatu. Mwalimu Langat alikuwa mrefu, koti la kijivu, miwani kwenye uzi shingoni, na aliponiona alitabasamu kama alivyotabasamia labda maelfu ya watoto waliochelewa.

"Huyu ndiye msomi wa Nakuru? Karibu sana. Tusomee nyumbu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikasimama. Viganja vilikuwa vimelowa na nikafikiri, mate, ni yale mate, na wazo hilo la kipumbavu ndilo lililonifanya nifungue mdomo.

"Mimi naitwa Wambui. Nilimwambia Gogo Rael nimesoma kwamba nyumbu walikatwa sauti. Sikuwa nimesoma. Kibao kilikuwa mbali, sikuona kitu. Nilidanganya kwa sababu nilitaka afurahi."

"Hiyo sasa ni nyumbu ya Nakuru!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na turubai zima likavunjika mbavu. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. Nilimtafuta Gogo kwa macho. Alikuwa amekaa wima, jicho lake kwangu, hacheki, hanisaidii. Mwalimu Langat pia hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya mwalimu akisikia jibu ambalo hakulitarajia.

"Nyamazeni," alisema. "Endelea."

Nikasoma barua. Nilisoma mstari kwa Kiingereza, nikautafsiri, upepo ukijaribu kuninyang'anya karatasi, na sikumbuki sauti yangu ilikuwaje ila nakumbuka kwamba ilifika, kwa sababu watu wa nyuma walikuwa wameacha kutafuna. Nilipomaliza Mwalimu Langat alinyoosha mkono. Alivaa miwani, akachukua ule ukurasa wa daktari, akausoma mwenyewe mpaka chini, midomo ikitembea. Akarudia juu. Ng'ombe walikuwa wanalia kwenye boma la jirani na tukawasikia wote. Kisha akavua miwani.

"Alikuwa anafanya hivi," alisema. Na yule mzee wa koti, mbele ya familia yake yote, akanyoosha shingo, akafungua mdomo wazi kabisa, na ikatoka pumzi tu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko tulivyoweza kuvumilia. "Na sisi watoto tulimfuata nyuma tukilia kama punda," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa mbele."

Akaenda mpaka kwenye kiti cha Gogo, akachutama, wakaongea kwa lugha yao maneno ambayo sikuomba nitafsiriwe. Gogo aliniita baadaye tukila, akanisogezea sahani yake. Hakunibariki tena. Aliniambia tu, "Upepo ulikuwa mwingi, lakini nimekusikia."

Jicho la pili lilifunga mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipokuja. Alihamia kwa Mama Chela moja kwa moja, na Jumapili zetu ziliendelea, makumbusho baada ya makumbusho, mimi nikibonyeza mishale na kumweleza kilichoko kulia na kushoto, yeye akimenya minji bila kukosa hata punje. Hiyo ndiyo shule iliyonifundisha kuongea. Alitaka kujua kila kitu, rangi ya koti, kama askari kwenye picha anaonekana ameshiba. Na kila tulipofika kwenye kibao kilicho mbali nilisema, "Hapa hapasomeki, Gogo," naye akasema, "Basi songa." Sijui kama alijua alichokuwa ananipa. Nilifika Form Four nikiweza kusema sijui nikiwa sijui, na nikijua, nikasema ninachojua nikiwa nimesimama. Madam Achieng' anadhani ni kazi yake, na simkatalii, kwa sababu nusu ni yake.

Wiki iliyopita, mazishini, Mwalimu Langat alisoma wasifu wa marehemu. Sauti yake imekuwa nyembamba sasa. Alisema Rael alikuwa binti wa askari aliyeongoza nyumbu Burma, nyumbu waliokatwa sauti, akaenda kwa mstari uliofuata, shule, ndoa, watoto, kama vile mtu anavyosoma kitu ambacho kila mmoja amekijua siku zote. Niliangalia nyuso. Mtoto mmoja alikuwa anacheza na kamba ya kiatu. Wengine walikuwa wanasikiliza.

Baadaye, chai ikigawiwa, Chela alikuja akakaa karibu nami. Ana miaka tisa, meno ya mbele yameota makubwa. Alisema anataka kumwona yule nyumbu wa Gogo, kwa sababu alipokuwa chini ya meza aliona miguu yetu tu. Mtandao wa kule mlimani ni wa kubembeleza, lakini ulishika. Nikapita mlango, nikahesabu vigae, nikageuka kushoto. Alikuwa palepale na masanduku yake, askari wa plastiki bado ameshika kamba. Chela akaweka kidole kwenye kioo cha simu, juu ya kile kibao cheupe, akajaribu kukivuta karibu, herufi zikavimba.

"Hapa wameandika nini?"

"Hapo hapasomeki," nilimwambia. "Lakini ngoja nikuambie ninachojua."